Koti la Baba Mdogo

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, wakati wa Mwingereza, nyumba yetu ilitawaliwa na mtu wa miaka miwili. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mama alikuwa na sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde, lakini mdogo wangu Lutengano akishafunga mdomo wake, wote wawili walikuwa watumishi tu.

Jina hilo lilikuwa la mdogo wake baba. Baba Mdogo alipandia lori Makambako kwenda manamba, kukata mkonge Tanga, akaacha koti lake zito kwenye msumari nyuma ya mlango. Alisema Tanga hakuna baridi. Miaka mitatu ikapita bila barua. Kila tulipokula, Bibi alimtengea mwanawe huyo bakuli la ugali wa ulezi na maharage, akalifunika kwa ungo. Na kwa kuwa mjukuu alibeba jina lake, Bibi alimwita "mwanangu", akampakata na kumlisha kwa mkono wake.

Baridi ya mwaka ule ilipoanza, baba akalikataza bakuli.

"Mama, hili ni tambiko. Watu wa kanisani wananitazama."

"Namwekea mwanangu chakula. Nani kasema amekufa?"

"Mambo haya tuliyaacha."

"Mliyaacha ninyi," Bibi akasema. "Njaa haijabatizwa. Mwenye jina akilala njaa, aliyepewa jina naye hatakula. Mtaona."

Tuliona. Haikupita wiki, Lutengano akakataa ugali, akakataa viazi, akakataa hata togwa, kinywaji kitamu ambacho mimi ningekiiba hata kanisani. Mama alijaribu kumnywesha uji kwa nguvu kama walivyofanya wanawake wengi: unambana pua, unakinga kiganja kidevuni, unamimina. Kazi yangu ilikuwa kushika miguu. Uji ulitupata sote isipokuwa yeye. Mama akambeba mgongoni hadi hospitali ya Ilembula, akaambiwa mtoto hana homa wala minyoo, alishwe taratibu. Akarudi naye, magoti yake yameshakuwa manene kuliko mapaja.

Kabla ya Lutengano kulikuwa na mtoto mwingine, kaburi lake liko chini ya miti ya miwati. Mama alimwambia baba mbele yetu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Nimeshazika mmoja. Huyu simziki kwa ajili ya bakuli."

Baba akatazama moto.

Mimi sikuwa na hekima yoyote. Nilifikiri tu kwamba kama mwenye njaa ni Baba Mdogo, basi aje ale. Jumapili mchana, baada ya ibada, wengine wakiwa wameketi kula na ukungu ukiwa bado mlangoni, nilipanda kigoda, nikaling'oa koti kwenye msumari, nikalivaa, nikatoka nje kwa mlango wa nyuma. Lilinifunika mpaka kwenye vidole vya miguu. Nikazunguka, nikapiga hodi.

"Kamwene," nikasalimia kwa sauti nzito.

Mama aliinua mwiko. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa koti lile, na mimi nilikuwa nafagilia nalo uwanja.

"Mwache," Bibi akasema. Kisha akanigeukia. "Kamwene, baba. Umechelewa."

Nikaketi kama Baba Mdogo, miguu imetanuka, nikamega tonge. Yeye alikuwa na mazoea ya kupuliza chakula hata kilichopoa, anapuliza kama anazima moto wa msituni. Nikapuliza. Maharage mawili yakaruka. Lutengano, kwenye mapaja ya Bibi, akageuza kichwa.

"Mama," nikasema, bado kwa sauti ya mwanaume, "nawe kula. Siwezi kula peke yangu."

Hapo ndipo nilipomwona. Mkono wa Bibi ulinyooka kwenda kwenye ugali, na ulikuwa mkono wa mifupa. Tangu bakuli likatazwe alikuwa akisema ameshiba, matonge yake anatusogezea sisi watoto wakubwa, nasi tulizidi kunenepa bila kuuliza. Alimega, akapuliza kama mwanawe, akatafuna, machozi yakamtoka. Lutengano alimtazama mdomoni mpaka akameza. Kisha akafungua wake.

Baba alisubiri vyombo viishe kuoshwa, akaniita pembeni. Nilijiandaa kwa fimbo.

"Koti lile si la kuchezea," akasema. Akakohoa. "Kesho livae mapema, ugali usipoe."

Nimevaa makoti mengi jukwaani tangu siku ile, na watu wamecheka mpaka wakashika mbavu. Sijapata tena watazamaji wagumu kama wale. Baba Mdogo hakurudi, na kama alikuwa na njaa kule kwenye mkonge sitajua. Bibi alisema kuna mtu ana njaa, nasi wote tukatazama upande wa Tanga, wakati yeye ameketi nasi kwenye moto. Mtoto peke yake ndiye aliyekuwa akimtazama.

Lutengano sasa ni mtu mzima mwenye kitambi cha heshima. Akija kwangu, nikimwandalia, hagusi kitu mpaka anione mimi dada yake natafuna. Basi namega, napuliza, hata kama chakula kimeshapoa.