Filamu Ambayo Bibi Alikufa Akicheka

Juzi nilirudi nyumbani Nyasura, na binamu yangu akaniuliza ile filamu ya bibi nimeificha wapi. "Najua hukuifuta. Wewe hukuwaga mtu wa kutii."

Rafiki yangu, nilikuwa na miaka kumi na moja. Ilikuwa likizo, pamba imejaa sebuleni hadi tunalala juu yake. Shangazi alikuja na simu yenye kamera, nasi tukaanza kutengeneza filamu. Mimi nilishika simu, binamu akawa daktari. Ikakosekana maiti, maana watoto wote waliogopa. Bibi akasema, "Nipeni mimi, niko karibu." Akajilaza mkekani, mikono bado ina unga wa muhogo, tukamfunika kanga. Binamu akaangua kilio, kile chenyewe cha misibani.

Kwetu ukisikia kilio huulizi, unaacha jembe unakimbia. Mara uwanja ukajaa. Jirani mmoja alikuja na povu la sabuni hadi viwikoni, mwingine na kuni za msiba kichwani. Bibi akafunua kanga. "Mbona mmewahi hivyo? Hata sijapoa!" Akacheka mpaka akakohoa.

Mwenye kuni hakucheka. "Mama, na uzee huo unacheza na kifo?"

Baba mdogo akasema kilio hakiwekwi kwenye simu, kitamwita mtu kaburini.

"Kitamwitaje?" nikauliza.

"Futa."

Nikamtazama bibi. "Futa tu, mjukuu wangu. Tutacheza nyingine."

Nikafuta. Nyingine hatukucheza. Likizo iliisha, simu ikaondoka na shangazi, sisi tukakua. Bibi alifariki nikiwa chuo, miaka mingi baadaye. Sikuamini mkosi siku ile na siamini leo, ndiyo maana inaniuma: mara moja tu nilitii bila kuelewa, na nikaitupa sauti yake. Picha zake tunazo chache, zote amenuna kama yuko mbele ya hakimu.

Binamu nilimwambia kweli niliifuta. Akaendelea kuchambua mchicha.

Siku ya mazishi ya bibi familia ilikodi mpiga video. Baba mdogo yuleyule alimsogezea kiti apande, awapate vizuri kina mama wanaolia. Video hiyo ina saa tatu nzima za kilio, na hakuna aliyesema futa. Bibi yumo tangu mwanzo hadi mwisho, na hasemi neno.