Lugha Isiyokataa Kitu

Mimi nimeishia kidato cha nne. Kuandika programu nilijifunza Iringa, kozi fupi, mtoto mgongoni. Mwenzangu ana digrii. Tajiri mmoja wa Rujewa alipotaka programu ya kupanga zamu za wakulima kwenye mashine yake ya kukoboa mpunga, tulipewa kazi sisi wawili, na mmoja wetu angebaki kuitunza kwa mshahara. Niliutaka mshahara ule. Baba mtoto alishapotelea huko alikopotelea.

Tulibishana tukiwa ofisini Mbeya, tuandike kwa lugha gani ya kompyuta. Nilitaka ile inayokudai useme mapema: hapa inakaa namba, hapa maandishi. Ukichanganya, inagoma kabla programu haijaanza kazi. Yeye alitaka ile inayopokea chochote, makosa utayakuta mbele ya safari. Akasema yangu ni ya waoga, inachosha vidole, na tajiri ana haraka.

"Mama kichanga, unaogopa kivuli," akaniambia, na ofisi nzima ikacheka.

Tukaandika kwa lugha yake. Tukaijaribu kwa namba tulizoweka wenyewe, ikapita.

Sasa nani alimwambia mkulima wa Ubaruku, anayeleta mpunga mashineni, anahesabu namba tupu? Gunia kule linajazwa mpaka linaota kichwa, na kichwa hicho, kilemba, lazima kitajwe. Siku ya kwanza mama mmoja alileta mzigo mara mbili. Karani akaandika alivyoambiwa: "4 na kilemba". Mara ya pili, "3". Programu kimya. Ilipofika kujumlisha magunia yake, ikayaunganisha tu maandishi: "4 na kilemba3". Ikaganda, zamu zote zikavurugika. Watu wamekaa juu ya magunia wananitazama mimi, maana mwenzangu alikuwa Mbeya na simu yangu hapokei. Lugha niliyoitaka ingekataa kujumlisha maandishi tukiwa bado mezani. Ingetulazimisha tuamue kilemba kiandikwe wapi.

Nilimweleza tajiri hivyohivyo. Akampigia mwenye digrii; simu yake ilipokelewa mara moja. Wakaongea sana. Kisha akanigeukia, kwa upole kabisa.

"Binti, wewe nenda kalee kwanza."

Mwenzangu sasa yuko Rujewa, ana mshahara. Anaandika programu yote upya kwa lugha ileile ya waoga. Juzi alinipigia, ananiita dada, anauliza aanzie wapi. Nilimwambia aiulize digrii yake.