Pete Nilizozifunga Bila Lami

Naandika haya nikiwa bado na aibu. Mto karibu na kambi yetu ya reli hapa Dodoma umejaa, na Mjerumani anayetusimamia ameleta mashua ya kuvushia watu. Fundi Mwinyi, mzee wa Bagamoyo, aliniagiza nitoboe ubavuni mwake nifunge pete nne za chuma za kupitishia kamba.

"Kila tundu lijaze lami kwanza, ndipo utie skrubu. Umesikia?"

"Nimesikia, fundi."

Lakini lami ilitaka kuchemshwa, na mimi subira sina. Halafu nilipima, matundu yalikuwa shibiri nzima juu ya maji. Maji yatapandaje huko? Nimesoma shule Tanga, bwana! Nikakaza skrubu kavukavu, nikamwambia fundi tayari.

Leo asubuhi tukapanda watu kumi na mmoja, mimi na fundi tukiwamo. Sikuwa nimefikiri kwamba mashua ikibeba watu inashuka. Katikati ya mto miguu ikaanza kulowa. Nikamgeukia mama mmoja aliyebeba kibuyu na mfuko wa mbegu zake zote za mtama.

"Mama, kibuyu chako kinavuja!"

Akakipindua mbele ya wote. Halikutoka hata tone.

"Kitupu tangu nyumbani, mwanangu."

Kisha akanyanyua mfuko wa mbegu, unachuruzika. Nyuma yake maji yalikuwa yanaingia kwenye pete yangu.

Fundi akapitisha kidole kuizunguka ile pete, akakitazama. Hakikuwa na doa la lami.

"Msomi wa Tanga," akasema, "mwombe mama radhi. Halafu vua shati tuzibie."

Nikavua, wote wananitazama.