Nyasi za Mama Mukwe

Nisiwafiche: huku Nguba mimi ninafuga chatu katika chumba cha nyuma, ndani ya sanduku la kioo. Zamani nilikuwa ninamnunulia panya, lakini muuzaji aliwakosa mara kwa mara na chatu akashinda njaa. Ndipo nikaanza kufuga dende jikoni, wale wanyama wadogo wasio na mkia, ambao watu wetu hufuga kwa ajili ya nyama. Wanazaana ajabu.

Mama mukwe alipokuja kutoka Kavumu akawaona, alinishika mikono yote miwili.

"Mukwe, wewe iko baba ya kweli. Bajukuu bangu banakula nyama."

Ningesema ukweli palepale. Lakini sifa za mama mukwe ni tamu, basi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtakatifu wa sanamu.

Tangu hapo kila akija anatujia na mzigo wa nyasi kichwani. Anawalisha dende mwenyewe na kuwaita majirani waje wajifunze kwa mukwe wake. Jambo moja tu lilimsumbua.

"Nyama yote hii, juu ya nini batoto banabakia wembamba?"

Jumapili iliyopita tulirudi kutoka misa pamoja na majirani, tukamkuta amesimama mlangoni pa chumba cha nyuma. Alikuwa anatafuta pa kuweka nyasi. Chatu alikuwa amelala, tumbo limevimba.

Mama mukwe aliutua mzigo wa nyasi mbele ya sanduku la kioo.

"Kumbe mutoto mwenye ananenepa iko hapa."