Bolti Alizofunga Mzee Nati

Jamani, mimi si mtu wa kutishika. Nasambaza mikate kwa pikipiki, na malori yakinibana barabarani huwa nayatukana na kupita. Lakini siku ile kwenye gereji ya Mzee Nati nilitishika, na hata sasa nikisimulia mwili unanisisimka.

Jina hilo alipewa na wateja. Matairi, mnyororo na plagi alimwachia mwanawe, fundi mzima mwenye mvi kidevuni, lakini breki hakukubali zikazwe na mtu mwingine. Alizikaza mwenyewe kwa spana yake fupi, kichwa ameinamisha kama anayesikiliza, kisha anasema, "Nenda mwanangu, uzeeke." Mwanawe hakuthubutu kupitisha spana alikopita mzee. Ingekuwa kumvunjia heshima.

Sasa wiki moja baada ya mzee kunifungia breki, usukani ukaanza kutetemeka. Kila nikishika breki ya mbele, mikono inacheza mpaka kwenye mabega. Fundi akabadilisha pedi tu, bolti za baba yake hakuzigusa. Wapi! Nikarudi nimefura.

"Kaka, mikate inafika imekuwa chenga! Mnanitania?"

"Dada, punguza jazba," akasema. "Leo tunautafuta ugonjwa mpaka tuupate."

Akaiegemeza pikipiki juu ya kreti ya soda, gurudumu la mbele likaning'inia. Akalizungusha: rimu imenyooka. Akautikisa usukani: beringi zake hazijalegea. Akafunga msumari kwenye shokapu, ncha ikikaribia diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, akazungusha tena. Ncha ikagusa, ikaachia, ikagusa, ikaachia.

"Diski imepinda," mzee akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Mtafutie nyingine."

Fundi akaishika diski ili aikague. Ikacheza mkononi mwake. Akagusa bolti ya kwanza iliyoishikilia. Ikazunguka. Kwa kidole, nasema, bila spana! Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu haikuwepo kabisa.

Mungu wangu! Nilikuwa nimeshuka na chombo kile mlima mzima, na kreti mbili za mikate mgongoni kwake.

"Nani kafunga huu upuuzi?" nikafoka. Neno lilishatoka ndipo nikakumbuka ni nani. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee Nati akainuka taratibu akaja. "Nilizikaza," akasema. "Si ulikuwepo, binti?"

"Nilikuwepo, mzee." Na kweli nilimwona, uso umekunjamana kwa kukaza.

Akachukua spana, akainama, akakaza bolti ya kwanza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Haya, jaribu."

"Baba, acha tu."

"Nimesema jaribu!"

Fundi akaweka kidole. Bolti ikazunguka.

Mzee aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. Akakunja vidole. Viwili havikukunjika.

"Tangu lini, baba?" fundi akauliza.

"Sijui. Kweli sijui. Nilidhani spana ndiyo imelika."

Kisha nikaona uso wake unabadilika. Akamshika mwanawe bega. "Dada yako! Breki za dada yako nimezifunga jana."

Yule dada ni mshonaji. Saa hizo huwa anamrudisha mwanawe kutoka shule kwa pikipiki yake, mtoto kakaa nyuma kamkumbatia mama kiunoni, na njia yao ni mteremko mtupu. Fundi alishatoa simu, anabonyeza. Mzee akampokonya.

"Usimpigie! Ikilia atasimama apokee. Atashika breki!"

Ee Mola! Sikuwa nimeliwaza hilo. Fundi akarukia pikipiki ya mteja mwingine, hata kofia hakuvaa, akatoka mbio kumfuata. Tukabaki mimi na mzee tumeitazama ile simu.

Simu ikaita. Jina la dada. Mzee akagusa kioo kwa kidole gumba, kikateleza, akagusa tena, kikateleza. Nikampokelea na kuweka sauti ya juu.

"Kaka, hebu muulize baba," dada akasema, anahema. "Usukani unatetemeka vibaya, nimeogopa nimeshuka. Mtoto yuko hapa kando yangu. Nimewaza ni tairi. Breki haiwezi kuwa, kafunga baba mwenyewe. Nipande tu nimalizie mteremko?"

"Usipande!" Mzee alipaza sauti mpaka watu wakageuka barabarani. Kisha akaishusha, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila kuyafuta. "Usipande, mama. Ni breki. Nimefunga mimi."