Kabureta ya Gari la Babu Yenu

Ninyi wajukuu mnaopenda kupigia picha kwenye gari la spoti la babu yenu, jueni kwa nini haliwaki. Kabureta yake ya asili ilipasuka, nikaiweka uani niipeleke Ukunda kutafuta nyingine kama hiyo. Wake za wanangu wakafagia uwanja kuikaribisha Ramadhani, wakampa mnunuzi wa vyuma chakavu kila chenye kutu.

"Mama, lile kopo bovu lilikuwa na kazi gani?" mmoja wao akaniuliza.

Kila duka wananiuliza, "Bibi, ya zamani iko wapi tulinganishe?" Nilizonunua kwa kubahatisha zote zinavuja. Babu yenu, mgonjwa wangu kitandani, anauliza, "Limewaka?" Nimechoka kumjibu bado.

Nikawaambia wote nyumbani, "Saumu haimzuii mtu kutembea. Kesho mwende kwa wanunuzi wa vyuma, Waa mpaka Msambweni, mpekue kila rundo."