CV ya kurasa sita kutoka steshenari ya Kasulu ilivyoniumbua kwenye intavyuu

Wakuu, habari za mihangaiko. Hili lilinikuta mimi mwenyewe, siyo rafiki yangu, hivyo chekeni bila kuniuliza kama nina uhakika.

Mimi ni mtoto wa Kibondo, nina diploma ya maendeleo ya jamii. Baada ya chuo nilikaa miaka miwili nyumbani nalima mihogo na mama. Mwaka jana likatoka tangazo: shirika moja linatafuta mtu wa kufanya kazi na wakimbizi wa Burundi na Kongo kambini Nyarugusu.

Nikapanda gari hadi Kasulu kwa jamaa mmoja wa steshenari anayesifika kwa CV. Wateja wanamwita Profesa. Chuo alichofundisha hakijulikani.

Nikampa CV yangu ya ukurasa mmoja. Akaisoma kama anasoma taarifa ya msiba.

"Mdogo wangu, hii CV au meseji?"

Akaanza kuandika, haniulizi kitu. Zikatoka kurasa sita, pembeni zimezungushiwa maua ya bluu. Kurasa sita za mtu ambaye hajawahi kuajiriwa! Na mimi, badala ya kusoma, nikafurahia uzito wake mkononi. Nikasaini, nikatuma.

Wakaniita.

Jopo lilikuwa la watu watatu, katikati mama mmoja wa miwani.

"Umeandika unapenda kuendesha farasi," akasema. "Kibondo mnawafugia wapi?"

Wakuu, farasi mimi nimemwona kwenye TV.

Akafunua ukurasa. "Kifaransa, fasaha." Mkongomani aliyekaa kulia kwake akanimwagia Kifaransa mpaka masikio yakawaka moto. Nikajibu, "Wii," yaani ndiyo. Kumbe alikuwa ameuliza nilijifunzia wapi.

Yule mama akazifunga kurasa zangu taratibu.

"Kirundi je?"

"Mimi Muha, mama. Na Warundi tunaelewana bila mkalimani."

"Hicho ndicho tunachotafuta. Mbona humu hakimo?"

Nikayatazama yale maua ya bluu. Kazi nikaikosa.

Nilirudi Kibondo nimejaa hasira za kwenda kugombana na Profesa. Lakini ningemwambia nini? Farasi aliandika yeye, sahihi ni yangu.

Nikaandika upya, kwa mkono wangu. Diploma, Kiha, Kirundi, mafunzo ya vitendo niliyofanya Kasanda. Nikaongeza ukatibu wa kikundi cha wakulima kijijini, kitu nilichokuwa naona aibu kukitaja kwa sababu hakina mshahara.

Miezi kadhaa baadaye shirika jingine likaniita. Wakauliza swali moja la maana: "Wanakikundi walipogombana, katibu ulifanyaje?"

Niliongea mpaka wakaniomba nipumzike. Sikuwa na cha kukariri, nilikuwepo! Nina mkataba wao sasa hivi.

Nilichojifunza: kila mstari kwenye CV ni swali unalojitungia. Usiweke usiloliweza.

Haya, na wewe uliyeandikiwa "mchapakazi asiyehitaji kusimamiwa" ukaikubali, shuka hapa chini utuambie walikuuliza nini. Mabosi mliomo humu, semeni pia: ni kitu gani kwenye CV kinawafanya mcheke kabla hamjatuita?